Kutengeneza Upya Ndani ya Ndege Ndogo

Somo la ufundi na fizikia

Tunduma ni mji wa malori. Mchana na usiku magari hupanga safu kuelekea mpakani, mengine yakipeleka mizigo Zambia na Kongo, mengine yakirudi na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Penye malori hapakosi mafundi. Yuko wa kuchomelea vyuma, yuko wa magurudumu, yuko wa turubai, na yuko yule akaaye kibarazani na cherehani yake akishona viti vya magari. Mwaka 2019 habari zilienea nchini za fundi mmoja wa mji huu huu aliyekuwa akijiundia helikopta. Si ajabu, basi, vijana wetu kuuliza swali hili: Je, fundi awezaye kushona kiti cha lori, aweza pia kushona kiti cha ndege?

Jibu ni kwamba mikono yake yaweza, lakini kazi si ile ile. Kiti cha lori kikipasuka, dereva husimama kando ya barabara. Ndege haina kando ya barabara. Lolote lililofanywa vibaya chini, rubani hukutana nalo juu, wala hawezi kushuka alitazame. Katika somo hili tutaona jinsi ndani ya ndege ndogo ya watu binafsi inavyotengenezwa upya, na kwa nini kazi inayofanana na mapambo ina sheria kali. Wazee walisema, nyumba njema si mlango. Twende basi tuingie ndani.

1. NDEGE TUNAYOISEMA

Wengi wetu tukisikia neno ndege twafikiri zile kubwa zitumiazo Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwezi wa Desemba 2012. (Wanafunzi wakumbuke kwamba kiwanja hicho kina jina la Songwe lakini kiko katika Mkoa wa Mbeya. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa baadaye, mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa.) Ndege tunayoisema leo ni ndogo zaidi. Ina injini moja, na viti vinne au sita. Mfano ulio maarufu kuliko yote duniani ni Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1955. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000. Ndege za namna hii na dada zake wakubwa kidogo, kama Cessna 206, zimetumika sana Afrika ya Mashariki kwa kuchukua watalii, wagonjwa, wamisionari na barua. Ndege iliyoandikishwa Tanzania huitambua kwa alama 5H iliyoandikwa ubavuni. Ya jirani zetu wa Zambia huandikwa 9J.

Ndani ya ndege hiyo mna vitu hivi: viti na mito yake, mikanda ya viti, zulia la sakafuni, vibao vya plastiki vya pembeni, kitambaa cha dari, na nyuma ya vibao hivyo tabaka la pamba ya kuzuia kelele na baridi. Vitu hivi vyote huzeeka. Jua lipigalo kiooni hukausha plastiki mpaka ikapasuka, na hula nyuzi za mikanda. Vumbi la kiangazi huingia katika mishono. Maji ya masika hupenya mlangoni yakalowesha zulia. Baada ya miaka mingi mwenye ndege hutazama ndani akasema, "Sasa yataka kutengenezwa upya."

Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mwenye ndege huwaza rangi na uzuri, na fundi asiyejua huwaza rangi na uzuri pia. Lakini vitu vyote vya ndani vya ndege vyatawaliwa na sheria tatu: sheria ya moto, sheria ya uzito, na sheria ya mahali. Tuzitazame moja moja.

2. SHERIA YA KWANZA: MOTO

Moto ukitokea nyumbani, watu hutoka nje. Moto ukitokea angani, watu hawana pa kutokea mpaka ndege itue. Kwa hiyo kitambaa cha ndege hakiulizwi kwanza, "U mzuri?" Chaulizwa, "Ukiguswa na moto, utafanya nini?"

Tarehe 11 Julai 1973 ndege kubwa ya Brazil ilishika moto ndani ikiwa karibu kufika Paris. Rubani alifaulu kuitua shambani, lakini watu 123 walikufa, na wengi wao hawakuuawa na kishindo bali na moshi. Tarehe 2 Juni 1983 ndege ya Kanada yenye watu 46 ilitua Cincinnati, Marekani, imejaa moshi. Milango ilifunguliwa, hewa mbichi ikaingia, na kabla ya dakika mbili kupita chumba kizima kikalipuka moto. Watu 23 walikuwa hawajatoka, nao wakafa. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliamuru mito ya viti vya ndege kubwa za abiria ivikwe tabaka la kuzuia moto. Tazama jinsi watu walivyojifunza kwa gharama kubwa kwamba mto wa kiti ni jambo la uhai.

Sponji ya kawaida, ile ya magodoro yetu, hushika moto upesi, na moshi wake una sumu. Mtu akiuvuta kidogo tu huzimia. Sponji ya ndege hutengenezwa kwa namna nyingine, au huvikwa kitambaa cha kuzuia moto kabla ya kuvikwa kitambaa cha nje.

Kipimo cha moto kinachojulikana sana ni hiki. Hukatwa kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 30 hivi, kikaning'inizwa wima. Chini yake huwekwa mwali wa moto kwa sekunde 12, kisha mwali huondolewa. Kitambaa chema kitazimika chenyewe katika sekunde zisizozidi 15. Sehemu iliyoungua haitazidi sentimita 20. Kama kimedondosha matone, matone hayo hayataendelea kuwaka zaidi ya sekunde 5. Ndege ndogo za zamani ziliundwa chini ya sheria zilizo nyepesi kidogo kuliko hii, lakini fundi mwenye akili huchagua kitambaa kilichofaulu kipimo kikali, tena hudai karatasi ya ushahidi kutoka kwa mwuzaji. Kitambaa kisicho na karatasi hakiingii katika ndege, hata kama ni kizuri namna gani.

Mwalimu wa kemia aweza kuonyesha tofauti za nyuzi, nje ya jengo, mbali na nyasi kavu, na ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Ashike kwa koleo uzi wa pamba, uzi wa nailoni, na uzi wa sufu, yaani manyoya ya kondoo. Pamba itawaka upesi kama karatasi. Nailoni itayeyuka na kudondoka. Sufu itaungua polepole kwa harufu ya nywele, na moto ukiondolewa itazimika. Ndiyo sababu sufu ilipendwa tangu zamani katika mazulia na viti vya ndege. Wanafunzi wasijaribu jambo hili peke yao nyumbani.

Jambo la kukumbuka tena: kitambaa, gundi na sponji hupimwa kwa pamoja. Kitambaa chaweza kuwa kizuri, lakini kikigandishwa kwa gundi iwakayo kama petroli, kazi yote imeharibika. Na vitambaa vingine hupewa dawa ya kuzuia moto ambayo huondoka vikifuliwa ovyo kwa sabuni. Kwa hiyo hata mfuaji yampasa kusoma maagizo.

3. SHERIA YA PILI: UZITO

Wanafunzi wa Mkoa wa Songwe wana mfano mzuri wa uzito karibu nao. Kimondo cha Mbozi, kilichopo Ndolezi, karibu chote ni chuma na nikeli. Chuma kina uzito wa gramu 7.8 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Alumini, ambayo ndiyo kiwiliwili cha ndege, ina gramu 2.7 tu. Waundaji wa ndege walihangaika kupunguza kila gramu. Itakuwa aibu basi fundi wa viti akizirudisha gramu hizo kwa zulia nene na vibao vya mbao.

Haba na haba hujaza kibaba. Zulia jipya limezidi kilo tatu, mito imezidi kilo nne, pamba ya kelele imezidi kilo tano, ngozi ya viti imezidi kilo tatu. Hakuna hata kimoja kinachotisha, lakini jumla ni kilo 15. Petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72 hivi kwa lita. Kilo 15, basi, ni sawa na lita 20 na kidogo. Ndege ya Cessna 172 hutumia kama lita 32 kwa saa. Kwa hiyo, ndege ikiwa imejaa mpaka kikomo chake, uzuri ule umenunuliwa kwa zaidi ya nusu saa ya safari. Nusu saa hiyo yaweza kuwa ndiyo ile rubani aliyoihitaji ukungu ulipofunika kiwanja, akatafuta kingine.

Nchi yetu ni ya juu. Kiwanja cha Songwe kiko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Tunduma iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya juu ni nyepesi. Bawa hupata hewa kidogo ya kushikilia, na injini hupata hewa kidogo ya kuvuta. Joto la mwezi wa Oktoba likiongezeka, hewa huwa nyepesi zaidi. Ndege iliyoruka vizuri Tanga pwani, huku kwetu yahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Mahali kama hapa kilo moja ina maana kubwa.

Tena uzito hauna jumla tu, bali una mahali. Watoto wawili wakikaa katika bembea ya ubao, mwepesi akikaa mbali na egemeo aweza kumwinua mzito aliye karibu. Ndege nayo ni hivyo. Kila kitu huzidishwa: uzito wake mara umbali wake kutoka alama moja iliyochaguliwa, na zao lake huitwa momenti. Jumla ya momenti ikigawanywa kwa jumla ya uzito, twapata kitovu cha uzito. Kitovu hicho chatakiwa kukaa kati ya mipaka miwili iliyoandikwa katika kitabu cha ndege. Kikienda nyuma mno, mkia huwa mzito, pua huinuka, na rubani aweza kushindwa kuishusha.

Tufanye hesabu. Tuseme ndege tupu ina kilo 640, na kitovu chake kiko mita 1.00 kutoka alama. Momenti yake ni 640 × 1.00 = 640. Fundi ameondoa nyuma kiti na zulia vyenye kilo 14, akarudisha vipya vyenye kilo 29. Mahali pake ni mita 1.85 kutoka alama. Uzito umeongezeka kilo 15, na momenti imeongezeka 15 × 1.85 = 27.75. Sasa uzito mpya ni kilo 655, na momenti mpya ni 667.75. Tukigawanya twapata mita 1.0195 hivi. Kitovu kimekwenda nyuma karibu sentimita 2. Abiria mmoja mnene akikaa nyuma, pamoja na mzigo wake, rubani atakuwa karibu na mpaka kuliko anavyodhani, ikiwa hakuambiwa. Ndiyo maana baada ya kazi ndege hupimwa, au hesabu hufanywa upya, na karatasi ya zamani huondolewa.

4. SHERIA YA TATU: MAHALI

Sheria hii yasema: kinachotakiwa kushika, kishike, kinachotakiwa kusogea, kisogee, kinachotakiwa kuonekana, kionekane.

Kwanza, kushika. Ndege ikitua kwa kishindo, mwili wa mtu huvutwa mbele kwa nguvu kubwa. Sheria za zamani za ndege ndogo zilitaka kiti na mkanda vistahimili nguvu ya mara tisa ya uzito wa mtu kuelekea mbele. Mtu wa kilo 70, basi, atavuta kama kilo 630, yaani magunia sita na zaidi ya mahindi ya kilo mia. Hebu fikiri mkanda ulioshonwa upya kwa uzi wa suruali. Fundi wa viti hana ruhusa ya kushona mkanda wa ndege. Mkanda una kibandiko chake cha kipimo, na ukichakaa hupelekwa kwenye karakana yenye kibali au hubadilishwa.

Hapa twapata funzo kwa madaktari wetu wa angani. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha Afrika ya Mashariki huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Wood alikuwa rubani pia. Kazi ya namna hiyo hugeuza ndani ya ndege: viti huondolewa, machela huwekwa, na chupa ya hewa ya mgonjwa hutafutiwa mahali. Mtu aweza kudhani kwamba machela yatosha kufungwa kwa kamba. La. Machela nayo na chupa nayo hufungwa katika sakafu kwa vifungo vilivyopimwa kama vya kiti, maana mgonjwa hana nguvu ya kujishika.

Pili, kusogea. Kiti cha rubani huteleza juu ya reli mbili, na pini huingia katika mashimo ya reli kukizuia. Reli zikichakaa au pini isipozama vizuri, kiti chaweza kurudi nyuma ghafula wakati ndege inainuka. Rubani ameshika usukani. Akirudi nyuma, huuvuta. Pua hupanda mno, na ndege hupoteza nguvu ya kuelea. Ajali za namna hii zilitokea kweli, hata mwaka 1987 serikali ya Marekani ikaamuru reli za viti vya ndege nyingi za Cessna zikaguliwe kila mara, na mwaka 2011 amri hiyo ikatolewa upya. Sasa tazama: zulia nene likiwekwa juu ya ukingo wa reli, au uchafu wa gundi ukijaza shimo, pini haizami. Kiti ni kizuri, zulia ni zuri, na rubani yu hatarini.

Chini ya sakafu hupita nyaya za chuma ziendazo kwenye mkia. Skrubu moja iliyoanguka humo yaweza kukwamisha usukani. Kwa sababu hiyo fundi mwema huhesabu vyombo vyake na skrubu zake asubuhi, akazihesabu tena jioni. Kama moja haipo, sakafu haifungwi mpaka ionekane.

Tatu, kuonekana. Vibandiko vinavyoonyesha swichi ya petroli, mpini wa mlango na kikomo cha mzigo havifunikwi wala havitupwi. Na mbele ya rubani iko dira. Vifungo vyenye sumaku vya pazia, au spika iliyowekwa karibu nayo, vitaivuta dira ikaonyesha uongo. Unene wa mto nao una maana: mto ukizidi, kichwa cha rubani hupanda na macho yake hayaoni chombo kama yalivyozoea, ukipungua, haoni njia mbele ya pua.

5. KAZI YENYEWE

Sasa tumezijua sheria, twaweza kufuata kazi kwa hatua.

(a) Kupiga picha na kuandika. Kabla ya kufungua skrubu moja, fundi hupiga picha kila upande. Kila kitu kinachotoka hupewa kikaratasi chenye jina na mahali pake, na hupimwa kwa mizani.

(b) Kutoa viti, zulia na vibao. Plastiki iliyozeeka huvunjika kama ganda la yai, kwa hiyo huondolewa polepole, si kwa nguvu.

(c) Kukagua. Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Chini ya zulia na nyuma ya vibao ndipo siri za ndege zilipo. Pamba ya zamani hushika maji, na alumini iliyolowa muda mrefu hutoa unga mweupe, ndiyo kutu yake. Panya nao hupenda kujenga humo, na mkojo wao hula bati vibaya sana. Mhandisi huitwa atazame kwa taa na kioo. Akiona ufa au kutu, kazi ya mapambo husimama mpaka bati litengenezwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

(d) Kusafisha, kukausha, na kupaka dawa ya kuzuia kutu.

(e) Kukata na kushona. Hapa fundi wetu wa cherehani ni bwana. Hufumua kifuniko cha zamani, akakitandaza kuwa kiolezo, akakata kipya kwa kipimo kile kile. Mkono uliozoea ngozi na leksini nzito za malori hautapata taabu, ila utatumia vitambaa na nyuzi zenye ushahidi wa moto tu.

(f) Kurudisha. Kila kitu hurudi mahali pake. Kisha mtu hukaa katika kiti cha rubani, akasogeza kiti mbele na nyuma, akageuza usukani mpaka mwisho pande zote, akafungua na kufunga milango, huku mwingine akitazama kama kuna kitu kinachogusa.

(g) Kupima uzito na kuandika.

6. KALAMU YA FUNDI

Hatua ya mwisho, ya kuandika, vijana wengi huidharau. Kila ndege ina kitabu cha kumbukumbu. Humo huandikwa tarehe, kazi iliyofanyika, vitu vilivyotumika pamoja na karatasi zao za ushahidi, uzito mpya, na sahihi ya mhandisi mwenye leseni. Hapa Tanzania leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Fundi wa cherehani aweza kushona, lakini mhandisi ndiye anayesema, "Ndege hii yafaa kuruka," akaweka jina lake chini ya neno hilo.

Kwa nini sahihi ina uzito hivyo? Kwa sababu kazi hii hufunikwa. Mnunuzi wa meza huiona meza yote. Abiria wa ndege huona kitambaa tu. Hawezi kuona sponji iliyo ndani, wala gundi, wala pini ya reli, wala bati lililo chini ya zulia. Amekaa juu ya ahadi ya mtu asiyemjua. Fundi akitia sponji ya godoro mahali pa sponji ya ndege, hakuna atakayemjua siku ile, na pengine ndege itaruka miaka kumi bila neno. Lakini ameuza kwa bei ya chini uhai usio wake. Sahihi katika kitabu humlazimisha fundi kusimama mahali panapoonekana, pamoja na kazi isiyoonekana.

Wazazi nao wana la kufikiri hapa. Mara nyingi twawaambia watoto kwamba anayeshindwa vitabu ndiye aende ufundi. Somo hili laonyesha kwamba fundi wa kiti cha ndege ahitaji kujua kemia ya moto, fizikia ya momenti, hesabu za desimali, na kusoma maagizo bila kuruka mstari. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na vyuo vya VETA hufundisha kazi za mikono. Kijana wa Tunduma aliyekua akitazama mafundi wa malori hana haja ya kuona haya mbele ya kazi hizo. Mkono anao tayari. Kilichobaki ni kuufundisha mkono huo kutii kipimo.

7. MASWALI

1. Kwa nini kitambaa, gundi na sponji hupimwa moto kwa pamoja, si kimoja kimoja?

2. Ndege tupu ina kilo 640, na kitovu chake ni mita 1.00 kutoka alama. Fundi ameondoa mito ya mbele yenye kilo 6, akaweka mingine yenye kilo 10, mahali palipo mita 0.94 kutoka alama. Tafuta kitovu kipya. Je, kimekwenda mbele au nyuma? Eleza kwa nini kimesogea kidogo sana kuliko katika mfano wetu.

3. Mtu wa kilo 60 amefungwa mkanda katika kiti. Ndege imetua kwa kishindo, na nguvu ni mara tisa ya uzito wake. Mkanda wavutwa kama kilo ngapi?

4. Mwenye ndege amwambia fundi, "Funika kutu hiyo kwa zulia, mhandisi asione, nina safari kesho." Andika jibu la fundi kwa mistari kumi, kwa heshima na bila woga.

5. Nenda kwa fundi wa viti vya magari aliye karibu nawe, uombe ruhusa kumtazama akifanya kazi. Andika mambo matatu anayoyafanya ambayo yangefaa katika ndege, na mawili ambayo yasingefaa. Usisahau kumshukuru.